Je, Wajua? Chakula Huanza Kumeng'enywa Kinywani

• Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku. Mengi hutoka katika jozi 3 za tezi kubwa, zilizo karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi.

• Takribani asilimia 99 ya mate ni maji. Kiasi kidogo kinachobaki ndicho chenye kazi nzito: ute unaolainisha tonge, madini yanayolinda meno dhidi ya asidi, na vimeng'enya.

• Kimeng'enya kiitwacho amilesi huvunja wanga kuwa sukari. Jaribu mwenyewe: tafuna ugali mtupu, bila mboga, wala usimeze upesi. Baada ya muda utahisi utamu.

• Ulimi mkavu hauonji vizuri. Chumvi, sukari na viungo lazima viyeyuke kwenye mate kwanza.

• Tumbo halina meno. Magego yakisaga chakula vizuri, asidi ya tumboni na vimeng'enya vya utumbo mdogo hukifikia kwa urahisi. Tonge kubwa lisilotafunwa laweza kumkaba mtu, hasa mtoto mdogo au mzee.

• Usingizini mate hupungua sana, na bakteria hupata nafasi ya kushambulia meno. Ndiyo maana tunahimizwa kupiga mswaki kabla ya kulala.

Basi mlo wako ujao, usiufanyie haraka. Tafuna polepole, mwili wako utanufaika.