Kiongozi, Baiskeli na Lugha: Maana ya Ziara ya Kuongozwa Kati ya Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Ziara ya kuongozwa ni safari ambayo ndani yake mgeni hukubali kuitazama nchi ya watu kwa macho ya mwenyeji aliyepewa jukumu la kumwonyesha njia. Katika milima ya kusini mwa Uchina, hususan Guangxi na Guizhou, baiskeli imekuwa chombo mashuhuri cha ziara za namna hii. Mgeni hukodi baiskeli mjini Yangshuo, akafuata kingo za Mto Yulong kati ya mashamba ya mpunga na vilima vya mawe ya chokaa vilivyochongoka, huku kiongozi akimtangulia. Sehemu za milima hiyo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2007, na eneo la Guilin likaongezwa mwaka 2014. Kiongozi huyo kwa kawaida huzungumza Kichina sanifu na Kiingereza kidogo, ilhali wazee wa vijijini huzungumza Kizhuang, Kimiao au Kidong. Kwa hivyo, baina ya jicho la mgeni na maisha ya mwenyeji pana lugha mbili au tatu, na katika kila kivuko cha lugha pana kitu kinachoweza kuanguka njiani.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika mazingira yaliyo karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki, yaani Kaunti ya Turkana nchini Kenya, katika njia inayounganisha Lodwar na Kakuma. Turkana haina sifa ya ziara za baiskeli kama ilivyo Guangxi. Hata hivyo, ni mahali ambapo baiskeli, ugeni na wingi wa lugha vimekutana kwa namna ya pekee. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mgeni anapopita njia hii, ni nani anayemweleza anachokiona, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani?

Kiongozi katika historia ya safari

Dhana ya kiongozi wa safari si ngeni katika Kiswahili. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, alikuwapo kirangozi, mtu aliyetembea mbele ya wapagazi, akishika bendera na kuamua mahali pa kupumzika.  Kirangozi alijua visima, na alijua pia desturi za watu ambao nchi yao ilipitwa. Aliyekosea desturi aliweza kuutia msafara mzima hatarini.

Turkana yenyewe ilifikiwa na misafara ya aina hii. Mwezi Machi 1888, Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika katika ziwa kubwa la kaskazini wakiwa na wapagazi kutoka pwani, na pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili aliyeijua bara. Vitabu vya kigeni viliandika kwamba wageni hao waliligundua ziwa, nalo likapewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1975, lilipobadilishwa likawa Ziwa Turkana. Ni dhahiri basi kwamba safari inayoongozwa vizuri kwa miguu yaweza bado kupotea kwa maneno. Wageni walifika ziwani salama, lakini waliokuwa wakinywa maji yake hawakuulizwa linaitwaje.

Njia na chombo

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji ulio kando ya Mto Turkwel. Kutoka hapo hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini magharibi, katika barabara kuu ya A1 inayoendelea hadi Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa imeharibika vibaya, na magari yalisafiri kwa kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Katika miaka ya karibuni imejengwa upya kwa lami.

Joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, na mvua ni haba. Mito mingi ni laga, yaani mikondo ya mchanga mkavu ambayo hujaa maji ghafla mvua inaponyesha mbali milimani. Mwendesha baiskeli asiyejua jambo hilo aweza kulala katika mchanga mwororo wa laga akidhani amepata kitanda. Isitoshe, kando ya njia na mito umeenea mti uitwao mathenge, uliopandwa katika nchi kavu za Kenya katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, kisha ukageuka kero. Miiba yake hutoboa tairi na mpira wa ndani, na kwa sababu hiyo pampu na viraka ni vitu visivyokosekana katika safari ya namna hii.

Chombo chenyewe kina historia ya kiisimu inayostahili kuangaliwa. Neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, mnamo miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipowabeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Katika miaka ya 2000 baiskeli za abiria zilikuwa sehemu ya usafiri wa ndani ya kambi ya Kakuma. Leo pikipiki zimechukua nafasi kubwa, lakini jina limebaki lile lile.

Aidha, katika Kakuma msamiati wa baiskeli hauna umoja. Mkenya husema baiskeli, ilhali Mkongomani husema kinga, neno linalofanana na ikinga la Kirundi. Kwa msomaji wa Kiswahili sanifu, kinga ni kizuizi cha maradhi au cha hatari. Basi Mkongomani anayesema kwamba ametafuta kinga asiipate, aweza kueleweka na muuguzi kuwa anazungumzia chanjo, hali yeye anazungumzia usafiri. Mfano huu waonyesha kwamba hata pale wazungumzaji wote wanapotumia lugha iitwayo Kiswahili, mfasiri bado anahitajika.

Kivuli kina mwenyewe

Jambo la kwanza ambalo kiongozi mwenyeji hulijua, na ambalo ramani hailionyeshi, ni umiliki wa miti. Katika kingo za mito ya Turkana huota miti mikubwa, hasa mgunga uitwao ewoi kwa Kiturkana, ambao maganda ya matunda yake hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Miti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ya porini isiyo na mwenyewe. Kwa hakika, familia huwa na haki ya kutumia miti ya eneo fulani la kando ya mto. Haki hiyo pamoja na eneo lenyewe huitwa ekwar, na hurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Mgeni aliyechoka kwa jua akiegemeza baiskeli yake kwenye ewoi, kisha akakata tawi ili apate kuni za kuchemshia chai, ameingia katika mali ya watu. Kiongozi aliyetoka mbali huenda akamwambia kwamba hapo ni msituni tu. Kiongozi mwenyeji atamwelekeza kwanza kwenye awi, yaani boma la wenye eneo, asalimie. Salamu ya Kiturkana, ejoka, hujibiwa ejok, na ndani yake mna dhana ya wema na hali njema. Tofauti ya viongozi hao wawili ni kwamba mmoja analijua neno ekwar na mwingine halijui. Neno moja likikosekana, haki ya familia nzima hufichika.

Jina la Kakuma

Jambo la pili ni majina. Katika maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu kambi ya Kakuma, yakiwemo ya magazeti na ya mashirika, hurudiwa dai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulipima dai hili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu haina neno kakuma lenye maana hiyo, wala hakuna lahaja mashuhuri ya pwani inayolitumia hivyo. Mswahili anayetaka kusema jambo hilo atasema pasipojulikana, au nyikani.

Jina Kakuma lina ndugu zake katika ramani ya Turkana: Kalokol, Kalobeyei, Kaikor, Kataboi. Vivyo hivyo majina mengi huanza kwa Lo-, kama Lodwar, Lokichar, Lokitaung na Lokichoggio, na mengine kwa Na-, kama Nariokotome na Nadapal. Viambishi Lo- na Na- vinahusiana na jinsia ya kiume na ya kike katika sarufi ya Kiturkana. Kwa ufupi, majina haya yana mpangilio wa lugha ya wenyeji, na mahali pa kuyatafutia maana ni katika lugha hiyo.

Kosa hili si dogo. Anayeambiwa kwamba anaingia mahali pasipo popote huandaliwa kuona utupu. Hataona kwamba Mto Tarach ulikuwa na malisho na wafugaji kabla ya kambi kuanzishwa mwaka 1992, wala hataona kwamba Waturkana ni wenyeji waliopokea wageni. La kusikitisha zaidi, uongo huo umesingiziwa Kiswahili. Lugha imefanywa shahidi wa jambo ambalo haikulisema.

Ruhusa ya kwenda

Jambo la tatu ni idhini. Chini ya utawala wa kikoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Serikali hiyo hiyo iliigeuza nchi hii kuwa mahali pa kufungia watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, alikoishi chini ya vizuizi hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Nyumba aliyokaa Lodwar ni miongoni mwa mahali ambapo wageni huonyeshwa.

Kakuma nayo ilianza mwaka 1992 kwa kupokea wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao wakiwa vijana wadogo waliotembea masafa marefu kupitia Ethiopia. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengineo, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu na hapo. Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina wakazi zaidi ya 200,000. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilipanua baadhi ya haki, na mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika wenye shabaha ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Hata hivyo, mkimbizi anayetaka kusafiri nje ya eneo alilopangiwa huhitaji kibali.

Hapa ndipo ziara ya baiskeli inapopata uzito wake. Mgeni mwenye pasipoti aweza kupanda baiskeli Lodwar asubuhi na kufika Kakuma baada ya siku mbili, kisha akarudi atakapo. Kijana anayembeba abiria kambini kwa baiskeli hiyo hiyo, na huenda ana misuli imara kuliko mgeni, hawezi kuipita njia hiyo kwa hiari yake. Mgeni naye huhitaji idhini ya serikali ili kuingia kambini, lakini kibali chake ni cha kuingia na cha mwenzake ni cha kutoka. Kiongozi anayempitisha mgeni kambini bila kumweleza tofauti hiyo amemwonyesha mahema na vibanda tu, na maisha ya wakazi yamegeuka tamasha la macho.

Nafasi ya Kiswahili

Yapo mambo mawili ambayo Kiswahili kinaweza kuyafanya katika mazingira haya. Kwanza, ni daraja. Mturkana wa Kakuma mjini, Mkongomani wa kambini na dereva kutoka Kitale huweza kusikilizana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Pili, ni lugha yenye utajiri wa istilahi za safari, kuanzia kirangozi hadi bodaboda, na inaweza kumpa kiongozi maneno ya kueleza bila kutegemea vitabu vya wageni.

Pamoja na hayo, Kiswahili kina mipaka. Wafugaji wengi wazee hawakizungumzi kwa wepesi. Kiongozi anayedhani kwamba Kiswahili kinatosha atafanya kosa lile lile la kiongozi wa Guangxi asiyejua Kizhuang. Dhana kama ekwar haina neno moja linalolingana nayo katika Kiswahili. Njia iliyo bora ni kulichukua neno lenyewe na kulieleza, kama Kiswahili kilivyokwisha kufanya kwa maneno ya lugha nyingi. Kwa namna hiyo lugha ya daraja huinufaisha lugha ya mwenyeji badala ya kuimeza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuongoza ziara ni kazi ya tafsiri. Mfano wa ewoi umedhihirisha kwamba mti una mwenyewe, mfano wa Kakuma kwamba jina lina lugha yake, na mfano wa vibali kwamba njia moja haina upana mmoja kwa watu wote. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi mbili za karibu. Ya kwanza ni kukanusha, kila inapoandikwa, tafsiri ya uongo ya jina Kakuma. Ya pili ni kukusanya, pamoja na wazungumzaji wa Kiturkana na wakazi wa kambini, msamiati wa mahali, miti, maji na vyombo vya safari, ili kiongozi kijana wa Lodwar au Kakuma apate cha kumwambia mgeni. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona iwapo mgeni anaondoka na jina lisilo lake.