Kabla ya Kukodi Kamera: Utafiti Upi Unaifaa Video ya Mwanafunzi

Kundi la wanafunzi likipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki, habari ya fedha huanzia kwenye kamera. Nani ana kamera nzuri, droni inakodishwaje kwa siku, wenye ufukwe wanataka kiasi gani, madansa watakula nini. Utafiti wa watazamaji, ambao mwalimu ameutaja kwenye maelekezo na una alama zake, husubirishwa hadi mwisho. Mmoja anatengeneza fomu usiku, anarusha linki kwenye grupu la darasa, majibu ishirini yanaingia, na asubuhi chati ya duara yenye rangi nne inabandikwa kwenye ripoti. Video inabaki vilevile ilivyoamuliwa siku ya kwanza.

Hapo fedha inapotea. Katika bajeti yote ya video, utafiti ndio kitu cha bei ndogo, na ndio peke yake unaoweza kupunguza bei ya vitu vingine. Ila njia zake hazilingani. Zipo za bure zinazokupa takataka, na zipo za elfu kumi zinazookoa siku nzima ya kukodi vifaa.

Tuchukue mfano. Wanafunzi watano wa Dar es Salaam wamechanga shilingi 300,000. Wana wimbo wa singeli wa dakika tatu, na msanii wa mtaani kwao amewapa ruhusa ya maandishi kuutumia. Singeli ni mfano mzuri kwa sababu kasi yake inagusa mfuko moja kwa moja. Nyimbo nyingi za singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Wimbo ukiwa na mapigo 220, na mhariri akaamua kukata picha kila baada ya mapigo manne, kila kipande kitadumu sekunde moja na ushee. Kwa dakika tatu vitahitajika vipande 165. Vipande 165 vyenye sura tofauti maana yake ni lokesheni kadhaa, mavazi ya kubadilisha, na siku mbili za kupiga picha.

Lakini je, mtazamaji wa singeli anataka vipande 165? Huenda anataka kumwona mchezaji kuanzia unyayo hadi utosi ili aige mtindo. Kama ndivyo, vipande kumi na viwili virefu vinatosha, na kazi inakwisha kwa siku moja. Mwaka 2006 bendi ya Marekani OK Go ilitoa video ya "Here It Goes Again" iliyopigwa kwa kamera moja isiyosogea, wanamuziki wakicheza juu ya mashine za kukimbilia mazoezini, na video hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 2020 kundi la wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, walijipiga picha wakicheza "Jerusalema" ya Master KG huku wameshika sahani za chakula mkononi, na dunia nzima ikawaiga. Hakukuwa na droni. Mtu alimwona mchezaji mzima, akaona anaweza kujaribu.

Kwa hiyo swali la utafiti hapa si "mnapenda video za aina gani". Swali ni kama watazamaji hawa wanataka kuburudishwa na uhariri au wanataka kujifunza kucheza. Jibu lake lina thamani ya siku nzima ya kukodi.

Njia ya kwanza ambayo kila kundi huikimbilia ni fomu ya mtandaoni. Google Forms ni ya bure, haikubani kwenye idadi ya maswali, na majibu unayapata yamepangwa kwenye jedwali. SurveyMonkey ina sura ya kuvutia zaidi, ila akaunti yake ya bure inakuwekea kikomo cha maswali na cha majibu unayoruhusiwa kuyaona, na ukitaka zaidi unalipia. Kwa mwanafunzi, sioni sababu ya kulipia. Hata hivyo fomu ni ya bure kwako tu. Anayejaza anatumia bando lake na muda wake, ndiyo maana fomu yenye maswali ishirini na tano hujazwa vizuri hadi la sita, kisha mtu anabonyeza chochote ili amalize.

Ubovu mkubwa zaidi wa fomu ni kwamba wanaojibu ni walewale. Linki uliyoirusha kwenye grupu la darasa itajibiwa na watu wanaosoma unachosoma, wanaokaa unapokaa, na wanaotaka ufaulu. Wingi wa majibu hautibu ugonjwa huo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Aliyeshinda kwa kishindo ni Franklin Roosevelt. Majina yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati ambao maskini hakuwa na kimojawapo, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa picha ya wapigakura wote. Hata ukiwapata watu kwa bahati nasibu halisi, majibu 100 yana ukingo wa makosa wa karibu asilimia 10 kila upande, na majibu 30 karibu asilimia 18. Mwanafunzi anayeandika kwamba asilimia 53 wanapenda rangi angavu, kwa majibu 30 ya marafiki, hajasema kitu.

Kura za WhatsApp ni nyepesi zaidi. Zilianza mwaka 2022 na zinaruhusu hadi machaguo 12. Kila mtu kwenye grupu anaona nani amepiga kura ipi, basi wale wenye sauti wakishachagua, wengine hufuata. Mimi naziona zinafaa kwa jambo dogo lisilo na aibu, mfano jezi ya njano au ya bluu. Kura za kwenye stori za Instagram zina nafuu kidogo, kwa sababu mwenye akaunti ndiye anayeona nani kachagua nini.

Dodoso la karatasi limedharauliwa bure. Tukikadiria shilingi 200 kwa nakala yenye kurasa mbili pale steshenari, nakala 40 ni shilingi 8,000. Kwa fedha hiyo unatoka nje ya grupu la darasa na kufika kijiwe cha bodaboda, saluni, na kwa mama ntilie, ambako singeli inapigwa kutwa. Usiwagawie watu karatasi ukaondoka. Uliza wewe, andika wewe, maswali matano, dakika tano. Na uliza lililotendeka badala ya linalopendwa. Ukimuuliza kijana anapenda video gani, atakwambia "kali, yenye ubora", na hapo huna la kupeleka kwa dairekta. Muulize: video ya mwisho ya muziki uliyoitazama ilikuwa ipi? Uliitazama kwenye simu ya nani? Uliimaliza? Ulimtumia mtu? Akijibu kwamba hakuimaliza kwa sababu bando lilikuwa linaisha, umejua kwamba picha yako ya kuvutia zaidi haiwezi kukaa dakika ya tatu.

Kuna utafiti mwingine wa bure kabisa ambao wanafunzi wanaupita kila siku. Tangu mwaka 2022, video za YouTube zenye watazamaji wa kutosha huonyesha wimbi dogo juu ya mstari wa muda, likipanda pale ambapo watu wamerudia kutazama. Fungua video sita za singeli zilizotazamwa sana, andika dakika na sekunde za kila kilele, kisha tazama nini kipo hapo. Ni mtindo mpya wa kucheza? Ni kichekesho? Ni sura ya msanii akiimba? Halafu soma maoni, hasa yale ambayo mtu ameandika sekunde kamili iliyomfurahisha. Kazi hii inagharimu jioni moja na bando. Takwimu za ndani za YouTube Studio ni tamu zaidi, zinaonyesha umri, nchi, na sekunde ambazo watu waliacha kutazama, lakini zinamfaa mwenye chaneli iliyokwisha kupata watu. Chaneli mpya ya kundi la darasa haina wa kupimwa.

Sasa nije kwenye njia ambayo ningeinunua kwanza kama fedha ni ndogo: kuketi na watu na kuwasikiliza. Mahojiano ya namna hii yana historia ndefu. Robert Merton na Patricia Kendall waliandika juu ya mbinu zake mwaka 1946, na tangu hapo matangazo ya biashara na redio yameyategemea. Wanafunzi huyaogopa kwa kudhani watu wachache si utafiti. Ukitafuta asilimia, kweli hawatoshi. Ukitafuta sababu, wanatosha kuliko unavyodhani. Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba mambo mapya karibu yote yalikuwa yamekwishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Hayo yalikuwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja, juu ya jambo jingine kabisa, na watu wenye hali zinazofanana, lakini yanampa mwanafunzi kipimo cha kuanzia.

Weka makundi mawili ya watu sita, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Kwa singeli nalisisitiza hilo, kwa sababu mazungumzo ya kukata mauno na mavazi yakifanyika katika mchanganyiko, wasichana wengi hunyamaza na wavulana hujitutumua. Nauli na soda tukikadiria shilingi 3,000 kwa kila mmoja, watu 12 ni shilingi 36,000. Waonyeshe video tatu zilizopo, kwenye simu na si kwenye projekta, kwa kuwa ndivyo wanavyotazama nyumbani. Mmoja wenu aulize, wa pili aandike, wa tatu arekodi sauti kwa idhini yao. Atakuwepo msemaji mmoja wa kujibu kila swali, yupo kila mahali, na anayeongoza inabidi ageukie walio kimya kwa majina.

Kisha zimeni video, mcheze wimbo wenu wenyewe bila picha. Waulizeni maneno gani wameyashika. Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya video za muziki na televisheni, alieleza kwamba picha inaweza kuyafuata maneno ya wimbo, kuyaongezea maana, au kwenda njia yake. Nadharia hiyo hupewa nafasi kubwa madarasani, na hapa ndipo inapopata matumizi. Kama watu 12 wamesikiliza mara mbili na wameshika kiitikio tu, hakuna haja ya kulipia mwigizaji wa mama mwenye nyumba, pikipiki na duka ili kuonyesha kila ubeti. Hadithi nzima iliyoandikwa kwenye skripti inaweza kuondolewa hapo hapo, pamoja na gharama zake.

Kinachobaki ni kujaribu kabla ya kulipa. Chukueni simu, pigeni picha mazoezi ya wachezaji, haririni sekunde 60 kwa CapCut au toleo la bure la DaVinci Resolve. Tengenezeni matoleo mawili, moja la vipande vya haraka na moja la kipande kirefu. Mpeni mtu mmoja simu mkononi, simameni pembeni yake, mtazame macho na kidole gumba. Sekunde ya kumi na nne kidole kinagusa kioo kutaka kuruka mbele, andikeni 14. Sekunde ya thelathini anaanza kutikisa bega; andikeni 30. Mkishamaliza muulizeni alichokiona, na mlinganishe na kidole chake. Mara nyingi mdomo utasifu toleo la haraka, kwa sababu linafanana na video za wasanii wakubwa, huku bega likiwa lilitikisika kwenye kipande kirefu. Nikilazimika kuchagua kimoja, naliamini bega.

Kulipia tangazo ili video itazamwe na wengi nisingekushauri. Utapata idadi ya watazamaji bila sababu zao, na fedha ingefaa chakula cha madansa.

Tukijumlisha, makundi mawili ni 36,000, karatasi 8,000, bando la wiki tuseme 6,000. Jumla ni shilingi 50,000, sawa na moja ya sita ya mchango wote. Kundi litabaki na 250,000. Kama siku ya kamera, taa na usafiri inawagharimu 120,000, utafiti uliowaonyesha kwamba kipande kirefu kinatosha umewarudishia zaidi ya mara mbili ya walichotoa. Kama umeonyesha kinyume, siku mbili zinaingia ndani ya bajeti, na kundi linajua kwa nini linazilipia.

Makundi yakipingana, wavulana wakitaka hiki na wasichana kile, msitafute katikati. Kabla ya utafiti muwe mmeandika sentensi moja ya kueleza video hii ni ya nani; rudini kwenye hiyo, na mfuate hao. Matakwa ya upande wa pili yaandikeni kwenye ripoti pamoja na sababu ya kuyaacha; msahihishaji anayajali hayo kuliko chati.

Na namba za simu msizikusanye kama hamna kazi nazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Umri, eneo na jinsi vinatosha. Mshiriki akiwa chini ya miaka 18, ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi kabla ya soda kufunguliwa, na sauti mlizorekodi zifutwe alama zikishatoka.