Macho Mekundu ya Bibi: Tupime Kabla ya Kusema

Jumapili moja baada ya ibada hapa Kagongwa, mama mmoja kijana alitufuata sisi wauguzi tunaojitolea kanisani, akatuita pembeni. Mama mkwe wake, mjane aliyepita miaka sitini, alikuwa na macho mekundu kwa miezi mingi. Yalimwasha na kumchoma kama yametiwa mchanga. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "majirani wameanza maneno. Watoto wao wanakatazwa kuja kwetu."

Msomaji wa mkoa wa Shinyanga anajua hayo ni maneno gani. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wa huku wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa ni macho mekundu tu. Lakini mwanamke aliyepika miaka arobaini kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Hapa Kagongwa ongeza vumbi la barabara na la mashine za kukoboa mpunga.

Machozi si ya kulia tu

Machozi hulainisha jicho mchana kutwa. Yana maji, mafuta kidogo yanayotoka kwenye kingo za kope, na ute unaoyashikiza juu ya jicho. Maji yakipungua, au mafuta yakikosekana na maji yakakauka upesi, jicho huwasha na kuwa jekundu. Huo ndio ugonjwa wa ukavu wa macho. Huwapata zaidi wanawake, hasa baada ya hedhi kukoma, na moshi huuzidisha. Ajabu ni kwamba jicho kavu laweza kutiririka machozi: likichomwa na ukavu hutoa maji mengi ghafla, lakini maji hayo hayadumu.

Vipimo vyenyewe

Tulimsindikiza bibi hadi hospitali yenye kitengo cha macho. Tunaeleza yaliyofanyika ili nawe usiogope.

Kwanza ni maswali: tatizo lilianza lini, anapikia nini, anameza dawa gani, je, kinywa nacho hukauka na viungo vinauma? Pili, kope hupinduliwa ili kutafuta trakoma, ambayo wengi huiita vikope, na nywele zilizogeuka ndani zinazokwaruza jicho.

Tatu ni rangi ya manjano iitwayo fluoreseini. Mgonjwa hutiwa kidogo, hupepesa mara chache, kisha hutulia bila kupepesa. Daktari hutazama kwa darubini yenye mwanga wa buluu huku akihesabu. Madoa meusi yakitokea kabla ya sekunde 10, machozi yanakauka upesi mno. Kwa rangi hiyo hiyo, sehemu za jicho zilizochubuka hung'aa kijani.

Mwisho ni kipimo cha karatasi, kilichoelezwa mwaka 1903 na daktari Mjerumani, Otto Schirmer. Huwekwa mwisho kwa sababu karatasi yenyewe husumbua jicho. Ni kipande chembamba cha karatasi ya kuchujia, upana wa milimita 5. Ncha yake hukunjwa na kuingizwa ndani ya kope ya chini, upande wa nje. Baada ya dakika 5 hupimwa umbali uliolowa. Bila dawa ya ganzi, zaidi ya milimita 10 kwa kawaida si tatizo; chini ya 5 ni ukavu mkubwa. Majibu huweza kubadilika siku hadi siku, kwa hiyo daktari hategemei kipimo kimoja peke yake.

Karatasi za bibi zililowa milimita 4 jicho la kulia na 3 la kushoto. Mkwewe aliziomba aende nazo nyumbani akawaonyeshe majirani.

Tufanye nini nyumbani?

Bibi alipewa matone ya machozi bandia. Alishauriwa kuweka kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu juu ya kope, na jiko likahamishiwa nje. Akina mama, msitie jichoni maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama, wala msinunue matone dukani kwa kukisia. Mengine huharibu jicho. Maumivu makali, usaha, doa jeupe au kupungua kwa kuona ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto asiyeona vizuri jioni, fikiria upungufu wa vitamini A. Huyo naye apelekwe kituoni bila kuchelewa. Walio na umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wapate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Na hata kipimo kisipoonyesha sababu, macho mekundu si ushahidi wa uchawi. Ukisikia mzee anatishwa, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na polisi mapema, wala usinyamaze kwa sababu msemaji ni mwenzako wa kwaya.

Macho ya bibi hayajawa meupe kabisa, wala hatukuahidiwa hivyo. Ila hayamchomi kama zamani, na juma lililopita mtoto wa jirani alitumwa kwake kuomba chumvi.