KOMPYUTA YA NYUMBANI: TUCHAGUE VIPURI VYA KUDUMU



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazee mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto wenu, wengi wetu tukienda kununua kompyuta huuliza kwanza: "Ina kasi gani?" Hapa Unguja swali la kwanza liwe: "Itadumu miaka mingapi?" Mzee amejinyima ili watoto wasikilize tajwidi na wafanye kazi za skuli. Mashine ikifa mwaka wa pili, fedha ile hairudi.

Kompyuta ya nyumbani mara nyingi haifi kwa kazi nyingi. Maadui zake ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, joto, vumbi, na hewa ya chumvi ya bahari. Kwa hivyo fedha yetu tuielekeze kwenye vipuri vinavyopambana na maadui hawa.

1. Pawasaplai. Hiki ni kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Wanunuzi wengi hukidharau kwa sababu hakionekani, lakini kikiungua kinaweza kuondoka na vipuri vyengine. Kompyuta ya kusomea, isiyo na kadi ya michezo, kwa kawaida haifiki hata wati 100, basi pawasaplai ya wati 400 au 450 inatosha na kubakia. Tafuta yenye alama ya 80 PLUS, ambayo maana yake ni kuwa angalau asilimia 80 ya umeme inaoupokea inaufikisha kwenye vipuri na haupotei kwa joto. Kama nyuma ina swichi ya 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, itaungua papo hapo.

2. Diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na haipendi kutikiswa wala kukatiwa umeme ghafla. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Ya GB 256 inatosha kwa masomo, na hata mashine ya zamani ikiwekewa SSD utaona imechangamka. Hata hivyo SSD nayo hufa, tena bila ya kuaga. Kazi zako muhimu ziwe na nakala pahala pengine.

3. Prosesa. Huu ndio ubongo wa mashine. Kwa kuandika, kusoma na kutazama darsa, Intel Core i3 au ya kiwango chake inatosha. Soma namba yake vizuri. Kwa prosesa nyingi za Intel za mezani, herufi F mwishoni maana yake haina sehemu ya kutoa picha, nawe utalazimika kununua kadi ya picha. Kama unanunua iliyotumika, angalia kizazi: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8400 ni ya kizazi cha nane. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel Core, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane.

4. Ubao mkuu na kumbukumbu. Kumbukumbu isipungue GB 8. Chagua ubao wenye nafasi mbili au zaidi, uweke kipande kimoja leo na cha pili ukijaaliwa. DDR4 haiingii penye nafasi ya DDR5, basi nenda na kipande chako dukani. Na saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukiizima, usikimbilie kununua mashine nyengine. Kwa kawaida ni betri ndogo ya CR2032 iliyo juu ya ubao, na bei yake ni ndogo.

5. Kasha na feni. Usivutwe na kasha dogo la kupendeza ambalo pawasaplai yake ni ya umbo lake peke yake. Ikiungua utahangaika kupata nyengine. Chukua kasha la kipimo cha kawaida, lenye feni ya mbele na ya nyuma. Liweke juu ya meza, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Kila miezi mitatu chomoa umeme, ufungue, upulize vumbi huku umezuia feni isizunguke.

Fedha ikibaki, nunua UPS kabla ya spika. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Jambo la mwisho ni programu. Kutumia programu ya wizi ni kula haki ya mtu, na programu hizo mara nyingi huja na virusi. Asiyeweza kununua, Linux na LibreOffice zinapatikana bure na kwa halali, na hata mashine za zamani huzifaa.

Ndugu zangu, dini yetu imetukataza israfu. Kununua cha ghali kwa ajili ya kujionesha ni israfu, na kununua cha rahisi kinachokufa kila mwaka ni israfu pia. Kompyuta ni amana. Tuichague kwa akili, tuitunze, tuiweke sebuleni mbele ya macho ya wazee, na tuitumie katika yenye kheri.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.