BMX: Unalipia Chuma au Jina?

Kampuni ya baiskeli za BMX ya Mongoose ilianzishwa na Skip Hess huko California mwaka 1974. Miaka michache baadaye, Gary Turner na Richard Long wakaanzisha GT jimboni humo humo. Leo majina hayo bado yanauza, ila walioyajenga walishaondoka zamani. GT ilinunuliwa na Schwinn, kampuni nyingine ya baiskeli, mwaka 1998. Schwinn ikafilisika 2001, na zote mbili zikaangukia mikononi mwa Pacific Cycle, iliyokuwa tayari inamiliki Mongoose. Dorel ya Kanada ikainunua Pacific mwaka 2004, kisha Januari 2022 Pon ya Uholanzi ikachukua biashara yote ya baiskeli ya Dorel kwa dola milioni 810. Mwishoni mwa 2024 ikatangazwa kwamba GT itasitisha kutoa baiskeli mpya na kuuza zilizobaki tu.

Kwa hiyo ukikuta GT imeshushwa bei, usikimbilie kulipa. Uliza fremu ikipasuka nani atakubadilishia, na jibu liwe kwa maandishi.

Mongoose ndiyo inayochanganya zaidi, maana jina moja limebandikwa kwenye bidhaa za viwango tofauti kabisa. Ile ya Walmart hupatikana kwa chini ya dola 200. Iinamie uitazame: krenki ni chuma kimoja kilichokunjwa na kupitishwa kwenye fremu, gololi ziko wazi kwa vumbi na maji, na ekseli ya nyuma ni nyembamba. Stika ikisema kromoli, yaani chuma imara zaidi, soma vizuri. Mara nyingi ni bomba moja tu la fremu, mengine ni chuma cha kawaida. Mtoto wa kuzunguka mtaani inamtosha. Anayeruka ngazi ataipinda ekseli mapema, na gharama za fundi zitaikaribia bei ya baiskeli.

Kuanzia kama dola 400, kwa kampuni ndogo kama Sunday, Kink au Fit, unaanza kupata krenki ya vipande vitatu, beringi zilizofungwa na ekseli ya milimita 14. Nyingi hutengenezwa Taiwan au China, kama za kampuni kubwa, lakini wanaoamua ziweje ni watu wanaoziendesha. S&M ya Chris Moeller, iliyoanza 1987, bado inachomelea fremu California; fremu pekee hupita dola 400. Ni ghali, na kwa mwendeshaji wa kila siku naona inastahili.

Mwenye dola 300 ningemshauri atafute iliyotumika yenye fremu yote ya kromoli, akague maungio kama yana nyufa, na chenji anunulie cheni na tairi mpya.