Nyumba ya Kisiwani katika Ziwa Bunyonyi

Reli itokayo Nairobi hugawanyika karibu na Nakuru: njia moja yashuka Kisumu, na ya pili yapanda Eldoret na kuingia Uganda. Hiyo ya pili ilifika Kampala mwaka 1931. Mwaka huo huo, mbali zaidi, katika milima ya Kigezi kusini-magharibi ya Uganda, kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi kilifunguliwa kuwa makao ya wagonjwa wa ukoma.

Mwanzilishi wake alikuwa Daktari Leonard Sharp, mmisionari Mwingereza aliyefika Kabale mwaka 1921 pamoja na mwenzake, Daktari Algernon Stanley Smith. Sharp alijifanyia maskani katika kisiwa kidogo cha jirani, Njuyera. Mtu aliyeiona nyumba ile kwa mbali, imezungukwa na maji pande zote, angedhani ni nyumba ya likizo tu. Kumbe ilichaguliwa kwa sababu nyingine: kutoka hapo daktari aliweza kuwafikia wagonjwa wake kwa mtumbwi. Naye mtu wa Baringo asishangae, kwani Bunyonyi haina mamba wala viboko kama ziwa lake.

Siku hizo mwenye ukoma alikuwa kama mfu aliye hai. Jirani walimkimbia, na mara nyingi hata jamaa zake. Huko Bwama alipewa nyumba, akalima shamba, akasali kanisani pamoja na wenziwe. Kutengwa kulikuwa kutengwa, hilo halikanushiki. Lakini katika kutengwa huko alikuwa na jirani tena.

Dawa ndiyo iliyokuwa dhaifu. Walidungwa sindano za mafuta ya chaumugra, yatokayo katika mbegu za mti wa Asia. Ziliuma sana, na faida yake ilikuwa haba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo zilipokuja dawa za jamii ya salfoni, hasa dapsoni, na wagonjwa wakaanza kupona na kurudi kwao. Kidogo kidogo vijiji vya Bwama vikapungua watu, hata makao yakafungwa, na watoto wa shule wakaja kusoma pale walipokaa wagonjwa.

Njuyera nacho wageni hukiita hata leo Kisiwa cha Sharp, na watu wa likizo wamekuwa wakivuka maji kwenda kupumzika huko.