Koncheto aliyoiandika mara mbili

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Fidla yenyewe ilikuwa ya kuazima, ya shule, na sanduku lake halifungi vizuri. Kwa ajili ya onyesho la mwisho wa mwaka nilikuwa nimejiandaa kupiga kipande cha Vivaldi, nimekifanyia mazoezi wiki sita mpaka jirani wa chini akaja kugonga mlango. Siku nne kabla ya onyesho mwalimu akanivuta pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama nisingependa kupiga "kitu cha kwenu" badala yake.

Kwetu wapi? Nimezaliwa Lewisham.

Nikarudi nyumbani nikamweleza baba, naye akafurahi kupita kiasi. Akatoa kanda zake za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza Unguja mwaka 1905, akaniwekea moja baada ya nyingine. "Sikiliza fidla hizo! Sikiliza zinavyolia!" Na kweli zilikuwa zinalia. Lakini nitazipigaje kwa siku nne, bila noti, bila mtu wa kunionyesha mkono unakwenda wapi? Mwisho wake nikapiga wimbo wa kubembelezea watoto aliokuwa akituimbia mama. Watu wakapiga makofi sana. Vivaldi akabaki sandukuni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kipindi chetu cha mwezi uliopita, kile cha wenzetu wa kazini wanaokwambia "hebu sema kitu kwa Kiswahili." Mlituandikia wengi, wengine kwa hasira, wengine kwa kucheka. Basi leo nawaletea mtu ambaye naye aliombwa kitu cha kwao, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Akakiandika, akakitazama, akakitupa. Kisha akaandika kingine.

Anaitwa Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa Holborn, London, tarehe 15 Agosti 1875. Mama yake Alice alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa kijana wa Sierra Leone aliyekuja Uingereza kusomea udaktari, akamaliza, akarudi Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo Samuel alilelewa Croydon na upande wa mama, na babu yao mpiga fidla ndiye aliyemshikisha upinde kwa mara ya kwanza. Akiwa na miaka kumi na tano akaingia Royal College of Music kama mwanafunzi wa fidla, halafu akahamia kwenye utunzi. Hakulelewa na baba, hakuwa na lugha ya baba, lakini barabarani kila mtu alimwona kuwa ni Mwafrika. Nadhani hapo wengi wetu hatuhitaji maelezo zaidi.

Alifanikiwa mapema. Mwaka 1898 Edward Elgar, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anapanda, alipendekeza tamasha la Gloucester limpe Samuel kazi, ikatoka Ballade yake ya okestra. Novemba mwaka huo huo ikapigwa Hiawatha's Wedding Feast, kazi ya kwaya na okestra iliyoimbwa Uingereza nzima. Hiyo ndiyo iliyompa jina. Pesa haikumpa: aliiuza moja kwa moja kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani paundi 15 na shilingi 15 za wakati ule, na mauzo yote yaliyofuata hayakumhusu. Aliishi kwa kufundisha, kusahihisha, kuhukumu mashindano, na kupanda treni kwenda kuongoza kwaya za watu. Alikufa kwa nimonia tarehe 1 Septemba 1912, siku chache baada ya kuanguka kwenye stesheni ya West Croydon. Alikuwa na miaka 37. Mimi nina 36, na stesheni hiyo napita nikienda kazini.

Sasa tuje kwenye koncheto. Kwa wasiojua: koncheto ni kazi ambayo chombo kimoja kinasimama mbele na okestra nzima iko nyuma yake, kama mwimbaji na kikundi. Samuel alikwenda Marekani mara tatu, 1904, 1906 na 1910. Huko kulikuwa na tajiri mmoja, Carl Stoeckel, mwenye tamasha lake katika mji mdogo wa Norfolk, Connecticut, na kulikuwa na mpiga fidla mkubwa, Maud Powell. Wakakubaliana Samuel amtungie Maud koncheto. Na tajiri akaja na ombi lake: ijengwe juu ya nyimbo za Wamarekani Weusi.

Msimfikirie Samuel kama mtu aliyezionea haya nyimbo hizo. Mwaka 1905 alikuwa ametoa kitabu kizima cha vipande 24 vya piano juu ya nyimbo za Waafrika na za Wamarekani Weusi, 24 Negro Melodies, na Booker T. Washington akakiandikia utangulizi. Mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa kwanza wa Waafrika wa dunia nzima uliofanyika London. Alijua vizuri anasimama wapi. Akatunga koncheto kama alivyoombwa, akaimaliza, akaitazama, akaona siyo. Akaiweka kando yote, akaanza upya kwa nyimbo zilizotoka kichwani mwake mwenyewe.

Jamani, mnajua ni kazi kiasi gani kuandika nusu saa ya muziki wa okestra kwa mkono? Mara mbili? Halafu karatasi za wapigaji zikapotea njiani kwenda Marekani, ikabidi zinakiliwe tena. (Wapo wanaosimulia kwamba zilizama na Titanic. Hadithi tamu, lakini mimi siitii sahihi.) Maud Powell akaipiga Norfolk tarehe 4 Juni 1912. Samuel hakuwepo. London ikaisikia Oktoba, na hapo mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Baada ya hapo koncheto ikakaa kimya miaka mingi mno. Maud Powell alikuwa mmoja wa wapiga fidla wa mwanzo kurekodi santuri nyingi, na mwaka 1911 alirekodi Deep River, kipande kutoka kwenye kile kitabu cha 1905 alichokipanga upya kwa fidla. Unaweza kuisikia hata leo, na mikwaruzo yake, kama mtu anaimba ndani ya mvua. Lakini koncheto yenyewe haikuwekwa kwenye santuri. Hiawatha ilikuwa inajaza Royal Albert Hall karibu kila mwaka tangu 1924 mpaka 1939, watu wamevaa manyoya kichwani, na fidla iko kabatini.

Rekodi zilipoanza kutoka, zilitoka kama daladala za jioni: unasubiri mpaka unakata tamaa, halafu zinafuatana tatu. Ya kwanza kufika madukani, mwaka 2004, ni ya Mfaransa Philippe Graffin. Nadhani ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa siyo iliyonyooka kuliko zote. Graffin anateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, mtindo wa zamani, vidole vyake havina haraka ya kuachia. Kwenye diski hiyo hiyo kuna koncheto ya Dvořák, mtunzi ambaye Samuel alimpenda kupindukia, kwa hiyo ukizisikiliza mfululizo unasikia mwanafunzi na mwalimu ambao hawakuwahi kukaa darasa moja. Na okestra? Johannesburg Philharmonic.

Hapo lazima nisimame kidogo. Samuel alikuwa na binti, Avril, naye mtunzi na mwongozaji wa okestra. Mwaka 1952 Avril alikwenda Afrika Kusini kufanya kazi. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulimwona ni Mzungu ukamwacha, na yeye mwenyewe mwanzoni hakuonekana kukerwa na utaratibu ule (hilo nalo tuliseme). Ilipojulikana kwamba babu yake alikuwa Mwafrika, akazuiwa kufanya kazi ya muziki nchini humo. Miaka hamsini na kitu baadaye, okestra ya Johannesburg ndiyo inarekodi koncheto ya baba yake. Sijui kama wapigaji walilifikiria hilo walipokuwa wanakaza nyuzi zao. Mimi siwezi kuisikiliza bila kulifikiria.

Mwaka 2005 ikaja ya Anthony Marwood na okestra ya BBC ya Scotland, Martyn Brabbins akiongoza. Hii ni safi kama kanzu ya Ijumaa. Kila kitu kinasikika, fidla ni nyembamba na inang'aa, na sehemu ya tatu inakimbia bila kujikwaa. Mwaka 2007 ikatoka ya Lorraine McAslan na London Philharmonic, pana zaidi, yenye subira, na ina vipande viwili vidogo vya Samuel, Legend na Romance, ambavyo ni vizuri kwa mtu anayeanza. Kama una dakika kumi tu kwenye basi, anza na hivyo.

Halafu 2022, Chineke! Hii okestra wengi mnaijua. Aliianzisha Chi-chi Nwanoku mwaka 2015, ya wanamuziki Weusi na wa asili mbalimbali, na jina lake limetoka kwenye Kiigbo. Elena Urioste ndiye anayepiga koncheto, na anaiimba zaidi ya kuipiga. Kwenye albamu hiyo wameweka pia kazi ya Avril, Sussex Landscape. Baba na binti ndani ya albamu moja, na okestra iliyojaa watu ambao bila shaka nao wameshaulizwa kwao ni wapi.

Nikuambie usikilize nini hasa. Koncheto inaanza kwa fahari, okestra inaingia kwa hatua za mtu anayejua anakwenda wapi, na fidla inachukua wimbo ule ule na kuugeuza kuwa wake. Usikate tamaa kama sehemu ya kwanza inakuonea ndefu, hata mimi mara ya kwanza nilianza kuangalia simu. Subiri ya pili. Sauti zinashushwa, kama watu wanaoongea chumba ambacho mtoto amelala, na fidla inaingia taratibu juu yake. Hakuna ufundi wa kujionyesha pale. Karibu na mwisho kabisa wa kazi, wimbo wa fahari wa mwanzo unarudi, lakini sasa umeshapita mahali.

Niliwahi kumsikia mtu akisema kwamba koncheto hii "haina Uafrika wa kutosha." Nilimwuliza wa kutosha kwa nani, maongezi yakaishia hapo.

Anayetaka kuisikia Afrika yake waziwazi aende kwenye kile kitabu cha 1905. Isata Kanneh-Mason, ambaye mama yake alizaliwa Sierra Leone, nchi ya baba yake Samuel, amerekodi vipande vitatu kutoka humo kwenye albamu yake ya Summertime ya 2021. Na ukikifungua kitabu chenyewe utakuta kwamba nyimbo kadhaa Samuel alizipata kutoka kwa Waronga wa pwani ya Msumbiji, zilizokusanywa na mmisionari wa Uswisi, Henri-Alexandre Junod. Kwenye jina la mmoja wapo kuna neno nwana. Niliposoma nikacheka peke yangu maktaba. Mwana! Mtu wa Croydon ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika alikaa kwenye piano yake na neno ambalo bibi yangu angelielewa bila tafsiri. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke anayelalamika kwamba watu hawamwazimi mtoto. Ni kipande kifupi, nimekipiga kwa kidole kimoja kwenye kinanda cha dada yangu.

Baada ya Samuel kufa, mjane wake Jessie na watoto wawili walipewa posho ya serikali ya paundi 100 kwa mwaka, huku Hiawatha ikiendelea kuuzwa. Watu waliona aibu ile. Kisa chake kikawa miongoni mwa vilivyosukuma kuanzishwa, mwaka 1914, kwa chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi Uingereza. Kwa hiyo msanii yeyote wa hapa London, wa bongo fleva au wa kitu kingine, anayepokea vijisenti wimbo wake ukipigwa redioni, kuna deni dogo pale.

Jumapili iliyopita nilimwekea baba rekodi ya Johannesburg. Siku hizi anasikia vizuri zaidi kwa sikio la kushoto, kwa hiyo alikaa upande, chai mkononi. Sehemu ya kwanza hakusema kitu. Ya pili ilipoanza akaweka kikombe chini.

"Fidla hiyo inalia," akasema. "Huyu mtunzi ni wa wapi?"

"Wa Croydon, baba."

Akanitazama kuona kama namtania. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwenye simu yangu.

"Hebu irudishe pale ilipoingia."